Kupanda ndege Tanzania ukiwa na ulemavu au ukimsafirisha mzazi: anza na ngazi, bei baadaye

Wadau, huu mwongozo ni wa mtu anayekuja Tanzania kwa ndege au anayeruka ndani ya nchi, Dar kwenda Mwanza, Bukoba, Mbeya, Zanzibar, popote, na yeye mwenyewe anatumia wilichea au magongo, haoni, hasikii, au anamsafirisha mama ambaye magoti yameshagoma. Mimi natumia wilichea ya kusukuma kwa mkono na kazi yangu inanipandisha ndege mara kwa mara, kwa hiyo mengi ya hapa yameegemea wilichea, ila wengine sijawasahau, shuka chini utakuta sehemu yako.

HATUA YA 1: ULIZA NDEGE, ULIZA NGAZI

Ukishapata tarehe, swali la kwanza kwa shirika lisiwe shilingi ngapi. Liwe hili: siku hiyo mnapeleka ndege gani, na abiria wanapandaje? Kila kitu kinachofuata, nani atakubeba, utakaa siti gani, wilichea yako itaingia au haiingii, kinaamuliwa hapo. Bei rahisi kwenye ndege usiyoweza kuipanda ni hela umetupa.

Pale JNIA (uwanja wa ndege wa Julius Nyerere) Dar, Teminali 3 iliyofunguliwa 2019 ina yale madaraja ya kupandia, unasukumwa toka getini mpaka mlango wa ndege bila kukutana na ngazi hata moja. Ila Teminali 3 ilijengwa kwa ajili ya safari za nje. Safari za ndani mara nyingi ziko Teminali 2, lile jengo la 1984, na huko pamoja na viwanja karibu vyote vya mikoani unashuka chini kwenye lami na unakutana na ndege uso kwa uso, na mlango wake uko juu.

Sasa juu kiasi gani, hapo ndo aina ya ndege inapoingia. Jeti kama Airbus A220 na Boeing 737 za Air Tanzania mlango uko juu kweli, ngazi zinasogezwa kwa gari, ni ndefu. Kama huwezi kupanda ngazi kuna njia mbili tu, ama lile gari lenye chumba kinachonyanyuka mpaka mlangoni (wenyewe wa uwanjani wanaliita ambulifti) ama kubebwa. Halafu kuna zile za mapanga, Dash 8 Q400 za Air Tanzania, wabongo tukiziita Bombardier, na ATR za Precision. Hizi ziko chini, mlango wenyewe ukifunguka unageuka ngazi, vipandio vichache umeingia. Mnakumbuka zilivyochekwa mitandaoni zilipokuja, eti pangaboi. Mimi hiyo pangaboi ndo rafiki yangu, kwenye uwanja usio na lifti bora mara kumi nibebwe vipandio vichache kuliko kupandishwa kwenye jeti huku jamaa wanahema na mmoja anasema subiri nibadilishe mkono.

Kingine ambacho wengi hawakijui: ATR abiria wanaingilia mlango wa NYUMA, mbele ni mizigo. Kwa hiyo usiombe siti ya mbele ukidhani unajisaidia, utaburuzwa njia nyembamba ndege nzima. Kwenye ATR omba siti za nyuma. Kwenye Q400 uliza mnapandia mlango upi maana ina wa mbele na wa nyuma. Siti ya mlango wa dharura usiombe popote, haitolewi kwa mtu asiyeweza kuufungua mwenyewe na kutoka haraka, na kwa hilo mimi siwalaumu.

Tatu, vile vindege vidogo, Cessna Caravan na wenzake, vinavyoenda Serengeti, Mafia, Pemba, na Dar kwenda Zanzibar kwa dakika kama 20 hivi. Hapa ongea na kampuni wewe mwenyewe kwa simu kabla hujalipa. Ngazi ni za kuchomeka, mlango mfupi lazima uiname, ndani hakuna choo, mzigo mara nyingi ni kilo 15 tena kwenye begi laini sio sanduku gumu, na unaweza kupimwa uzito wewe mwenyewe maana rubani anapanga watu kwa uzani. Wilichea ya kukunja inaweza kwenda ukiwaambia mapema. Wilichea ya umeme, ndugu yangu, sikudanganyi, iache nyumbani au panda ndege kubwa au boti.

Na usisahau ndege hubadilishwa. Umeambiwa Q400, asubuhi inakuja jeti. Piga simu tena siku moja kabla, uliza swali lile lile.

HATUA YA 2: OMBA MSAADA KWENYE BUKINGI, KWA HERUFI ZAO

Hapa ndo watu wengi wanakwama. Mtu ananunua tiketi kwenye apu, anafika uwanjani, anasema kaunta "naomba wilichea", anaambiwa subiri, wilichea ziko mbili zote zimetoka. Yule dada wa kaunta hana kosa, yeye anasoma alichoandikiwa kwenye sistimu, na wewe hukuandikwa.

Mashirika ya ndege dunia nzima yanatumia herufi zile zile, ukizijua unaongea nao lugha moja:

WCHR ni mtu anayeweza kupanda ngazi na kufika kwenye siti yake, ila umbali mrefu hawezi. Mama wengi wako hapa.

WCHS hawezi ngazi, ila akishaingizwa ndani anajikongoja mpaka kwenye siti.

WCHC hawezi kutembea kabisa, anahitaji kufikishwa mpaka kwenye siti na kuhamishwa. Mimi niko hapa.

BLND asiyeona, DEAF kiziwi, DPNA mwenye ulemavu wa akili au anayehitaji kuelekezwa taratibu, MAAS ni mtu anayehitaji tu kupokelewa na kuongozwa.

Chagua ya kweli. Kuna watu wanamwombea mzazi WCHC ilhali anatembea vizuri sokoni, wanaona ndo ataheshimiwa zaidi, matokeo yake shirika linaweza kudai asafiri na msindikizaji, na pale uwanjani yule ambaye kweli hawezi anakosa kiti. Upande wa pili kuna wazee wenye kiburi, "mimi si mlemavu bwana", anaombewa WCHR anakataa, akifika Addis anakuta geti liko mwisho wa dunia.

Toa taarifa angalau saa 48 kabla, huo ndo muda mashirika mengi wanaoutaka. Mwambie wakala au piga simu, halafu usiishie kwenye "sawa tumeandika". Omba uandikiwe kwa imeili au wakutumie kwenye WhatsApp, na uliza status ya ombi lako kwenye bukingi ni ipi. Ikiwa HK maana yake limethibitishwa, ikiwa HN bado linasubiri jibu, ikiwa UC limekataliwa. Ukimuuliza mtu wa ofisini "hiyo SSR yangu ni HK?" (SSR ni ombi la huduma maalumu) utaona anakaa vizuri kwenye kiti, anajua huyu si wa kupigwa danadana.

Kama una tiketi mbili tofauti, mfano Muscat mpaka Dar kwa shirika moja halafu Dar mpaka Mwanza umekata mwenyewe kwa lingine, kila shirika liambiwe kivyake. Ujumbe hauvuki wenyewe. Na viwanja vingi wanaokusukuma sio wafanyakazi wa shirika, ni kampuni za kuhudumia ndege, Dar utaona Swissport, Zanzibar Teminali 3 utaona dnata, kwa hiyo taarifa yako inapita mikono kadhaa, na kila mkono ni nafasi ya kusahaulika.

Huduma ya kusukumwa kwa mashirika mengi ni bure, na wilichea yako mwenyewe inasafiri bure nje ya kilo zako za mizigo. Ukiambiwa ulipie, omba waonyeshe iliyoandikwa.

HATUA YA 3: DAKTARI, P.O.P NA OKSIJENI

Ulemavu wa kudumu sio ugonjwa, mtu wa wilichea aliye fiti hahitaji barua ya daktari kila safari. Ila kama umetoka kuoperesheni, una hali isiyotulia, unahitaji oksijeni au unasafiri kwa machela, utaambiwa ujaze fomu inaitwa MEDIF, sehemu moja unajaza wewe, nyingine daktari anayekutibu. Iombe mapema, usingoje siku ya safari.

Hii inawahusu sana ndugu wa majeruhi wa bodaboda wanaoletwa Dar MOI (hospitali ya mifupa pale Muhimbili) kutoka mikoani. Mtu akiwekewa P.O.P (hogo) leo, kesho asubuhi usimkimbize kwenye ndege bila kuuliza. Mguu unavimba na hewa iliyonaswa ndani ya hogo inatanuka huko juu, damu inaweza kubanwa. Mashirika mengi wanataka zipite saa 24 kwa safari ya chini ya saa mbili, na saa 48 kwa ndefu zaidi, au hogo liwe limepasuliwa urefu wake na daktari. Machela nayo inakula siti kadhaa na kila siti inalipiwa, tena sio kila ndege inaweza, kwa hiyo ulizia kabla familia haijaanza kuchangishana.

Mtungi wa oksijeni wa kwako usiubebe ukidhani utapita. Zile mashine ndogo za kuzalisha oksijeni zinakubalika kwa mashirika mengi kama ni modeli inayoruhusiwa na una betri za kutosha, kawaida wanataka mara moja na nusu ya muda wa safari.

Na mhudumu wa ndege hakulishi, hakubebi, hakuingizi chooni. Atakusaidia kufungua chakula na kukusogezea vitu, basi. Kama hayo mengine unayahitaji safiri na mtu. Kuhusu choo niseme wazi maana watu wanaona aibu kuuliza: kwenye Q400 na ATR choo ni kidogo mno, mtu wa WCHC asikitegemee. Dar mpaka Mwanza ni saa moja na kitu, malizana na haja Teminali. Kwa safari ndefu za nje chagua ndege zile pana zenye njia mbili, nyingi zina choo kikubwa kidogo na kile kiti chembamba cha kukupitisha katikati ya siti, ila ulizia kama kimewekwa siku hiyo. Wengine tunavaa pampasi ya watu wazima au tunatumia katheta siku ya safari, kunywa maji unakunywa kama kawaida, habari ya kujikausha kwa kutokunywa toka jana yake achana nayo, utashuka na kichwa kinapasuka.

HATUA YA 4: BETRI

Wilichea ya mkono ruka hapa.

Ya umeme, geuza betri usome. Kama ni ya jeli au kavu kawaida inabaki kwenye kiti, imezimwa na imefungwa vizuri. Kama ni lithiamu na ni ya kuchomoa, inachomolewa unaingia nayo ndani ya ndege, na isizidi Wh 300 (Wh ni kipimo cha umeme unaobebwa na betri), au kama kiti kinatumia mbili basi kila moja isizidi 160. Ya akiba moja isiyozidi 300 au mbili zisizozidi 160 kila moja. Haijaandikwa Wh? Zidisha volti kwa Ah, mfano volti 24 mara Ah 10 ni Wh 240, iko chini ya 300, kwa betri moja inaruhusiwa. Piga picha ile lebo, mpe shirika pamoja na vipimo vya kiti, urefu, upana, kimo, uzito, maana mlango wa mizigo wa ndege ndogo una kimo chake na kiti kisichokunjika kinaweza kugoma kuingia hata kama betri imekubaliwa. Pawabenki nayo inakaa kwenye begi la mkononi tu, chini kwenye mizigo marufuku, na isizidi Wh 100 (kama mAh 27,000 hivi).

HATUA YA 5: MAKARATASI

Haraka haraka. Ndani ya nchi Mtanzania beba kitambulisho, NIDA ndo salama zaidi, jina lifanane na la kwenye tiketi. Zanzibar hata ukitokea Dar utakutana na watu wa Uhamiaji, usishangae.

Mgeni, au Mtanzania wa zamani mwenye pasipoti ya kwingine, kwa kawaida anahitaji viza, inaombwa kwenye tovuti ya Uhamiaji yenyewe inayoishia na go.tz, ya kawaida ni dola 50 na kwa raia wa Marekani ni dola 100. Tovuti za madalali ziko nyingi zinajifanya za serikali. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hawana shida ya viza. Cheti cha homa ya manjano kinatakiwa ukitoka nchi yenye ugonjwa huo au ukiwa umesimama huko zaidi ya saa 12, na wengi wetu wanaopitia Addis au Nairobi hapo ndo wanakamatwa, kwa hiyo angalia muda wa transiti. Zanzibar toka Oktoba 2024 mgeni toka nje analipia bima ya lazima dola 44, hata kama ana bima yake. Mifuko ya plastiki imekatazwa nchini toka Juni 2019, ondoa kwenye sanduku.

Wa Ulaya mje mkijua kwamba Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyaweka mashirika yote yenye leseni ya Tanzania kwenye orodha yao ya mashirika yasiyoruhusiwa kuruka kwenda Ulaya kwa sababu za usalama. Haikuzuii wewe kupanda ndege hapa ndani, ila soma bima yako ya safari inasemaje, baadhi ya bima zinakwepa kulipa kwenye mashirika yaliyo kwenye orodha hiyo.

HATUA YA 6: SIKU YENYEWE

Kama kawaida yako ni kufika saa mbili kabla kwa safari ya ndani na saa tatu kwa ya nje, ongeza saa moja. Teminali za JNIA ni majengo tofauti, Teminali 1 ya ndege ndogo iko kivyake kabisa, hutoki moja kwenda nyingine kwa kusukuma wilichea juani na mizigo. Mwambie dereva teminali ipi kabla hamjaondoka nyumbani. Na ukifika toka nje ukiwa unaunganisha ya ndani, hesabu Uhamiaji, mizigo, forodha, gari ya kukuhamisha, chekini upya. Mimi chini ya saa nne siiti kuunganisha, naiita kamari.

Kaunta sema mambo mawili. La kwanza, nabaki kwenye wilichea yangu mpaka mlango wa ndege. Watajaribu kukuhamishia kwenye ya kwao toka pale, kataa kwa upole, ya kwao haina mto wako, ukikaa saa mbili unaanza kuchubuka. La pili, lebo ya wilichea iandikwe irudishwe mlangoni mwa ndege, isiende kwenye mkanda wa mizigo.

Kisha iandae. Piga picha pande zote mbele ya yule wa kaunta. Vinavyochomoka vyote, mto, vikanyagio, jostiki, weka kwenye mfuko uingie nao ndani. Bandika karatasi kwa Kiswahili na Kiingereza inayosema inakunjwaje na wapi pasishikwe. Yangu iliwahi kurudi kanyagio limepinda kwa sababu kijana aliilazimisha kukunja upande usiokunjika, hakuwa na ubaya, hakuna aliyemwonyesha.

Kwenye ukaguzi hulazimiki kusimama kama huwezi. Unapapaswa ukiwa umekaa, na unaweza kuomba mtu wa jinsia yako na chumba cha pembeni. Mwenye mguu bandia au vyuma mwilini aseme kabla mashine haijapiga kelele.

HATUA YA 7: KUBEBWA

Kama lifti haipo, utabebwa. Hii sehemu hakuna anayekufundisha kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Usikubali kunyanyuliwa na mtu mmoja mgongoni au kama mtoto kifuani, hata awe baunsa. Ngazi ni nyembamba, haoni miguu yake. Omba kile kiti chembamba chenye mikanda, ufungwe kifuani na miguuni, mmoja mwenye nguvu nyuma ya kichwa chako, mwingine mbele miguuni, wa tatu pembeni kama ngazi inaruhusu. Kupanda unatangulizwa mgongo, unatazama chini ulikotoka. Kushuka unatazama mbele, mtu wa nyuma ndo anayebeba uzito. Mikono yako iweke mapajani, usishike reli, ukishika mnayumba wote.

Kabla hawajakugusa, ongea WEWE. "Vijana habari za kazi, mguu huu hauna nguvu, begani msinivute, tunanyanyua nikihesabu tatu." Sema hivyo hata kama umri wako mdogo kuliko wao. Wale vijana wengi wana moyo kweli, shida yao ni woga wa kukuuliza, wanaishia kumuuliza mtu uliyesafiri naye "anashikwa wapi huyu" na wewe upo hapo umekaa. Mdada au mama akitaka kuhudumiwa na mwanamke aseme kwenye bukingi, sio pale chini ya ngazi. Na vaa suruali au gauni refu zito, hiyo ni ya kiutendaji tu, upepo wa uwanjani hauna adabu.

Unaingia wa kwanza, unatoka wa mwisho. Ukisahaulika wa kwanza kuingia, subiri wote waingie ndo upandishwe, usikubali kuburuzwa katikati ya foleni. Ukishafika unakokwenda usiruhusu wafanyakazi wote waondoke kabla hujaiona wilichea yako kwa macho.

KWA WENGINE

Asiyeona: omba maelezo ya usalama upewe wewe peke yako kabla ndege haijajaa, gusa mkanda, hesabu siti mpaka mlango wa dharura kwa mkono, hesabu nyuma na mbele. Fimbo nyeupe unaingia nayo ndani. Anayekuongoza ashikwe na wewe kiwiko, sio yeye akukokote.

Kiziwi: matangazo ni ya mdomo, geti likibadilishwa wewe hujui. Mwambie mhudumu wa geti kwa maandishi kwenye simu, kaa anapokuona, na muonyeshe boding pasi yako mapema ili akufuate kundi likianza kusogea. Mkalimani wa lugha ya alama usitegemee kumkuta uwanjani.

Mwenye ualbino: kule mikoani unatembea kwenye lami saa sita mchana, kofia pana na mikono mirefu viwe begi la mkononi sio sanduku. Mafuta ya jua weka kwenye chupa isiyozidi mililita 100 ndo ipite kwenye ukaguzi wa safari za nje. Skrini za uwanjani maandishi ni madogo na yako juu, piga picha kwa simu uikuze. Siti omba upande usio na jua, uliza ndege inaelekea wapi na saa ngapi.

Mzazi anayesafiri peke yake kuja kwa wanae Ulaya, Marekani au Ghuba: MAAS au WCHR inatosha, na mwandikie karatasi ndogo ya kuonyesha watu, jina, ndege inayofuata, namba ya mtoto wake, dawa anazotumia. Dawa zikae kwenye mkoba alionao mwilini. Mfundishe kwamba kule Doha, Dubai au Istanbul akiachwa kwenye ile sehemu ya kusubiria wilichea aulize kila nusu saa, asinyamaze kwa heshima. Akitua viwanja vya Ulaya msaada unatolewa na uwanja wenyewe bure kwa kanuni yao ya 2006, na safari za kwenda au kutoka Marekani zinalindwa na sheria yao ya 1986 hata kama shirika si la Marekani. Kwetu tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010, itaje bila woga.

HATUA YA 8: TAKSI

Panga mapema kwa sababu ya kitu kimoja ambacho Dar kinatusumbua siku hizi: IST nyingi zimefungwa mtungi wa gesi na mtungi unakaa kwenye buti. Wilichea haiingii. Ukiita gari kwenye apu, mpigie dereva kabla hajafika, "kaka una mtungi wa gesi nyuma?" Kama anao, mwambie akuachie uite lingine, au chukua Noah.

HATUA YA 9: WILICHEA IKIVUNJIKA

Usitoke uwanjani. Nenda kaunta ya mizigo, ijazwe ripoti ya mzigo ulioharibika, wanaiita PIR, upewe namba na nakala. Piga picha, linganisha na zile za kaunta. Kisha andika malalamiko kwa shirika ndani ya siku 7, hiyo ni kwa mujibu wa Mkataba wa Montreal wa 1999 unaosimamia safari za kimataifa. Mzigo uliochelewa una siku 21. Kwa simu haihesabiki, iwe maandishi.

Sasa ubaya wake, mkataba huo unaihesabu wilichea kama mzigo, na toka Desemba 2024 kikomo cha fidia kwa abiria ni SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF), ambayo ni kama dola elfu mbili. Wilichea nzuri ya umeme inazidi hapo mbali. Dawa ni kutangaza thamani yake kwa maandishi pale chekini kabla ya safari, kuna ada wanaweza kudai, lakini kikomo kinapanda mpaka thamani uliyotangaza. Kwa safari za ndani soma masharti ya tiketi.

Shirika likikuzungusha, peleka TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), na kuna Baraza la watumiaji wa huduma za usafiri wa anga, TCAA CCC, kazi yao ni hiyo hiyo. Ambatanisha tiketi, PIR, picha, na ile imeili ya HK uliyoomba uandikiwe. Wakati huo huo dai wilichea ya kuazima siku hiyo hiyo, usikubali kuambiwa utapigiwa kesho.

Na kabla hujalala siku ya kufika, fungua bukingi ya kurudi uangalie kama zile herufi zipo na huko pia, mara nyingi unakuta waliandika safari ya kwenda tu.